Muulize Sista: "Watanikata wapi, na mkojo utapitia wapi?"

Sista, asalaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 58, nakaa Majengo, nasukuma mkokoteni wa maji tangu enzi za Moi. Nakuandikia usiku, mke wangu amelala, maana haya nitakayoyasema hayajui yeye wala watoto.

Mwaka jana baada ya Idi nilikojoa damu. Haikuniuma hata kidogo. Nikadhani ni ile sharubati nyekundu niliyokunywa. Siku ya tatu ikakatika yenyewe. Nikanunua vidonge duka la dawa, nikanyamaza. Miezi miwili baadaye ikarudi, mara hii na mabonge meusi kama vipande vya maini. Mimi ni mzaliwa wa Kwale, na utotoni tulikuwa tukioga mtoni. Kukojoa damu wakati ule tulikuona ni jambo la kawaida, wavulana wengi tulikuwa hivyo, na wazee wakisema mtoto anakaribia kubaleghe. Basi nikajiambia ni kile kichocho cha zamani.

Safari hii nilikwenda hospitali. Nikapigwa picha ya tumbo, kisha nikatiwa kamera nyembamba huko njia ya mkojo (sitaki hata kuikumbuka). Daktari akanionyesha kwenye skrini: vitu viwili vimeshika ukuta wa kibofu, vinayumbayumba majini kama mwani. Kimoja kadiri ya kunde, cha pili kama ndimu ndogo. Amesema ni uvimbe na lazima utolewe, na nitaingia thieta baada ya wiki mbili. Akasema "hatukati tumbo". Sikumwelewa, na nilishindwa kumuuliza kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa inafika mlangoni.

Barazani nilimdokezea rafiki yangu mmoja, kumbe wakajua wote. Mmoja kasema saratani ikiguswa na kisu hupata hasira ikatapakaa. Wa pili kasema mjomba wake alipewa mfuko wa mkojo tumboni mpaka anazikwa. Wa tatu akacheka tu, akasema, "Hapo ndoa imekwisha." Mwingine ananiuzia dawa ya mizizi kwa chupa.

Sista, watanikata wapi? Mkojo utapitia wapi? Nitabaki mwanamume? Nitarudi kwenye mkokoteni lini? Na mtu mwenye mpira wa mkojo anaswali vipi? Nimevuta sigara tangu nina miaka 17, sasa nimepunguza mpaka tano kwa siku. Natumia vidonge vya presha na asprini.

Mwenye Mkokoteni, Majengo

*

Wa aleikum salaam, kaka yangu.

Nimekaa wodi ya upasuaji ya wanaume miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako la kwanza nimelisikia kwa kila lafudhi ya Pwani. Jibu ni hili: hukatwi popote. Ngozi yako itatoka thieta kama ilivyoingia, bila mshono wala kovu. Kwenye karatasi yako huenda wameandika herufi TURBT. Maana yake ni kwamba daktari hupita mlango uleule ambao mkojo hupitia, akafika kibofuni na kuukwangua uvimbe kutoka ndani.

Nikueleze siku yenyewe, maana hofu kubwa ni ya kile usichokijua. Utaambiwa usile kwa muda wa saa sita au zaidi kabla ya kuingia. Maji meupe huruhusiwa karibu zaidi na saa yenyewe, lakini fuata watakavyokuambia wao. Wengi hupigwa sindano ya mgongo. Utakaa kitandani, uinamishe kichwa, ujikunje kama pweza, na utahisi ubaridi wa spiriti mgongoni kabla ya sindano. Dakika chache tu, miguu inakuwa mizito kama viroba vya mchanga uliolowa. Kichwa chako kizima, unasikia kila kitu. Wengine hulazwa kabisa kwa nusukaputi. Hilo ataamua daktari wa ganzi baada ya kukupima. Miguu yako itainuliwa na kutengwa kwenye vishikio. Ni mkao wa aibu, ndiyo. Lakini utafunikwa mashuka, na watu wa mle ndani wanatazama skrini.

Daktari huingiza mrija wa chuma wenye taa, kamera, na kitanzi cha waya mwembamba mbele. Waya ule hupitishwa umeme. Anaukokota taratibu juu ya uvimbe, unakatika kipande kwa kipande, na pale panapovuja damu anapaunguza kidogo pakakauka. Maji yanaingia na kutoka muda wote ili aone vizuri. Mtu wa mkokoteni utalielewa hili: hakung'oi gurudumu, anakwangua kutu. Uvimbe wa kadiri ya wako kwa kawaida hauchukui zaidi ya saa moja. Vipande vyote hukusanywa, vikatiwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara. Hiyo chupa iweke akilini, nitairudia.

Ukitoka, utakuta mpira wa mkojo umeshatiwa. Ni mpira mnene kuliko ule wa kawaida, wenye njia tatu ndani yake. Juu ya mlingoti pataning'inia mifuko mikubwa ya maji ya chumvi yanayoingia kibofuni kupitia njia moja, na njia nyingine inatoa yaliyochanganyika na damu hadi kwenye mfuko ulio chini ya kitanda. Kazi yake ni kuisafisha damu kabla haijaganda. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mvuvi, aliyekesha akiihesabu ile mifuko kama anahesabu ndoo za samaki. Alfajiri akaniita: "Sista, nimekunywa ngapi na nimetoa ngapi? Hesabu haiingii." Alikuwa na haki ya kuuliza. Hesabu hiyo ndiyo sisi wauguzi tunayoifuata usiku kucha, kwa sababu yanayoingia yasipotoka, bonge la damu limeziba mpira. Ukiona mfuko wa juu unakwisha na wa chini haujai, na tumbo linakaza, usione haya, piga kelele.

Na usitishike na rangi. Mara ya kwanza mfuko utakuwa mwekundu kama Vimto. Kesho yake sharubati iliyotiwa barafu nyingi. Kisha maji ya waridi, kisha njano. Tone moja la damu hupaka rangi glasi nzima ya maji, kwa hiyo jicho huogopa kuliko inavyostahili. Utahisi pia kana kwamba mkojo umekubana kupita kiasi ilhali mpira umo. Hicho ni kibofu kinajikunja kutaka kuutoa huo mgeni. Usisukume. Mwambie muuguzi, dawa ya kukituliza ipo. Hospitali nyingine hutia dawa ya kuua seli za saratani kibofuni kupitia mpira huohuo ndani ya saa 24 za kwanza, mara moja tu, kupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi. Si kila mgonjwa hupewa. Muulize daktari wako kama wewe umo.

Mpira hutolewa kwa kawaida baada ya siku moja mpaka tatu. Ndiyo jibu la mkojo utapitia wapi: palepale pa siku zote. Mkojo wa kwanza kwanza utachoma kama umetiwa pilipili, na utakwenda chooni mara nyingi. Baada ya siku chache hutulia. Hutoki wodini mpaka wahakikishe unakojoa mwenyewe.

Mjomba wa yule rafiki yako alifanyiwa operesheni nyingine kabisa. Uvimbe ukiwa umeshazama kwenye msuli wa kibofu, kukwangua hakutoshi. Mara nyingi kibofu chote huondolewa, mkojo ukatengenezewa njia tumboni, na hapo ndipo mfuko wa kudumu unapoingia. Hilo halifanyiki kwa kushtukiza. Huwezi kuingia kukwanguliwa ukaamka huna kibofu.

Kuhusu ndoa, yule aliyecheka kachanganya mambo. Huenda alisikia habari za operesheni ya tezi dume, ambayo baada yake shahawa huweza kurudi nyuma kibofuni badala ya kutoka. Wewe unakwanguliwa ukuta wa kibofu. Mishipa ya uume haiguswi na operesheni hii kwa kawaida. Mpumzishe mama watoto kama wiki mbili, mpaka damu ikatike kabisa na uchungu uishe. Ikiwa utakuwa unatiwa dawa kibofuni siku za mbele, utahitaji kondomu kwa muda, wataalamu watakueleza. Na hapohapo, kaka, niseme: mwambie. Utarudi nyumbani na damu kwenye mkojo, utaamka usiku mara tano, na hutabeba hata ndoo. Unadhani atafikiri nini? Isitoshe hospitali itataka mtu wa kukuchukua siku ya kutoka, na huenda ikataka ndugu wa kutoa damu.

Saratani kupata hasira ikiguswa na kisu, hilo limeua watu wengi Pwani hii kuliko kisu chenyewe. Watu huja hospitali wakiwa wamechelewa, wakifunguliwa hukutwa imeshaenea, wakifa lawama inaangukia operesheni. Uvimbe ulioachwa ndio unaozama. Na ile chupa ya mizizi, hata nikiiheshimu dawa ya kienyeji, iweke kando kwa sasa. Ukiwa umeshaanza kuinywa, mwambie daktari, kwa sababu baadhi ya miti huzuia damu kuganda. Kadhalika asprini. Usiiache mwenyewe leo usiku baada ya kunisoma, maana pengine ulipewa kwa ajili ya moyo. Chukua pakiti zako zote, zitie kwenye mfuko, uziweke juu ya meza ya daktari umuulize ipi iendelee, ipi isimame, na siku gani.

Mambo yenyewe ya hatari si mengi, lakini yapo. Kibofu kinaweza kutoboka wakati wa kukwangua. Tundu dogo kwa kawaida hujifunga likiachiwa mpira siku kadhaa zaidi, kubwa hulazimu kufunguliwa tumbo, ila hilo ni nadra. Kuna kutokwa damu, kuna maambukizi ya mkojo. Ukishafika nyumbani, kitu kimoja kitakushtua usipokijua: kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, mkojo uliokwishatakata unaweza kurudi mwekundu ghafla. Ni kigaga cha kidonda kinachobanduka ndani, kama cha goti la mtoto. Kunywa maji zaidi, pumzika, kitatakata. Lakini ukishindwa kukojoa kabisa, au damu ikawa nzito yenye mabonge, au ukapata homa na kutetemeka, au tumbo likauma kwa nguvu, usingoje asubuhi. Wewe uko Majengo, tuktuk mpaka Hospitali ya Rufaa ya Pwani pale Makadara ni mwendo mfupi.

Kunywa maji lita mbili mpaka tatu kwa siku wiki hizo za mwanzo, isipokuwa kama umeshaambiwa una tatizo la moyo au figo. Madafu ni halali yako. Kahawa chungu ya barazani ipunguze, hukichokoza kibofu. Kula papai, mchicha na kunde ili choo kiwe laini, kwa sababu kujikamua chooni huamsha damu. Na hapa ndipo nakuja kwenye mkokoteni. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na wewe unasukuma mangapi kwa mpigo? Hapana. Wiki tatu mpaka nne usiuguse, na kabla ya kurudi muulize daktari. Mwachie kijana unayemwamini kwa hesabu ya jioni. Pesa itapungua, najua, lakini ukifungua kidonda utalazwa tena na hiyo ndiyo hasara.

Juu ya swala, nilikuwa nikiwaona wazee wodini wakiswali na mfuko umening'inia ubavuni. Mtu ambaye mkojo wake haumkatiki ana hukumu yake: hutia udhu ukishaingia wakati wa kila swala ya faradhi, kisha akaswali kwa hali yake. Kama huwezi kusimama, keti; kama huwezi kuketi, lala. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu hata ukirukuu, mkojo usirudi ndani. Mengine muulize imamu wako, atakupa kwa ufafanuzi kuliko mimi.

Sasa turudi kwenye ile chupa, maana kwangu mimi barua yako yote iko mle ndani. Watu wengi huhesabu kwamba operesheni ndiyo mlima. Wanatoka wodini, mkojo unakuwa mweupe, wanachinja kuku, wanapotea. Nilimhudumia baba mmoja, fundi wa makuti, aliyekuja kuulizia majibu yake mara mbili akaambiwa hayajafika. Mara ya tatu hakuja. Majibu yalifika, yakakaa kwenye faili. Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, na uvimbe umeshapenya msuli. Hospitali siitaji, na lawama naigawa sawasawa, lakini yeye ndiye aliyelipa.

Karatasi ya maabara huchukua wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Ikifika, usikubali kuambiwa "ni saratani" au "si saratani" tu. Uliza ni aina gani. Uliza ni kali au ya polepole. Uliza kama kipande cha msuli kilipatikana kwenye sampuli, na kama uvimbe umeugusa. Ikiwa msuli haukuonekana, au uvimbe umeanza kushuka chini ya ngozi ya juu ya kibofu, daktari anaweza kukurudisha thieta baada ya wiki mbili mpaka sita kukwangua mara ya pili. Usidhani mara ya kwanza aliharibu. Mzizi uliobaki hauonekani kwa jicho.

Kwako wewe aina ina uzito wa pekee. Wavuta sigara hupata zaidi ile saratani ya ngozi laini ya ndani ya kibofu. Katika nchi nyingi sigara ndiyo chanzo cha karibu nusu ya saratani za kibofu. Sumu ya moshi huchujwa na figo, ikakaa kibofuni saa nzima ikingoja uende chooni. Lakini kichocho cha utotoni nacho huacha deni. Yale mayai ya minyoo yana mwiba, hukwama ukutani mwa kibofu na kupachokoza miaka na miaka, na baadaye pakaweza kuota saratani ya aina nyingine, ambayo kukwangua peke yake mara nyingi hakuimalizi. Kwale na sehemu nyingi za Pwani zina kichocho mpaka leo. Mimi siwezi kukuambia wako ni upi, na hata daktari hawezi kwa kutazama skrini tu. Maabara ndiyo itakayosema, mradi daktari aandike kwenye fomu kwamba ulikuwa na kichocho na unavuta sigara. Mwambie yote mawili bila kuulizwa. Vidonge vya kichocho pengine utapewa kama mayai yataonekana, ila haviyeyushi uvimbe.

Ikiwa ni ile ya kwanza na ni kali lakini haijafika kwenye msuli, huenda ukaandikiwa BCG. Usishangae: ni chanjo ileile ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto wachanga mkono wa kushoto. Hutiwa kibofuni kupitia mpira mwembamba, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, ukaibana kama saa mbili kisha ukaikojoa. Huamsha askari wa mwili wakashambulia pale. Madaktari wa Kanada walianza kuandika habari zake mwaka 1976, na mpaka leo hakijapatikana kitu rahisi cha kuipiku.

Halafu kamera. Uvimbe wa kibofu una tabia ya paka, unaufukuza mlangoni unarudi dirishani. Ukaguzi wa kwanza huwa baada ya miezi mitatu, kisha ratiba hutegemea majibu, kwa wengine kila miezi mitatu miaka miwili mizima. Najua uliandika hutaki kuikumbuka ile kamera. Omba jeli ya ganzi, na waiache ikae dakika kadhaa kabla hawajaanza. Hiyo peke yake hubadilisha mambo. Ukirudi uvimbe wa kunde ukaonekana ungali kunde, unakwanguliwa na maisha yanaendelea. Nimewajua wazee waliokwanguliwa mara nne na wanacheza bao mpaka leo.

Zile sigara tano ziache kabla ya thieta. Anayeendelea kuvuta, uvimbe humrudia zaidi, na hata daktari wa ganzi atayashukuru mapafu yako.

Kuhusu gharama, SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, na kadi ya zamani pekee haikusaidii. Piga *147# uone kama umesajiliwa, hakikisha mchango wa mwaka umelipwa, kisha nenda kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya siku ya kulazwa uwaulize operesheni, kulazwa na kipimo cha maabara vimelipiwa kiasi gani. Cha maabara kitaje kwa jina lake, ndicho watu hushtukizwa nacho.

Na siku utakayoitwa kupimwa damu kabla ya kulazwa, nenda na mama watoto. Yeye akae dawati la SHA na karatasi, wewe ukae foleni ya daktari, na safari hii ulize, hata wakifika mlangoni.

Sista